Naomba ushauri: nimepangiwa kutetea ukuta wa Israeli Ukingo wa Magharibi kwenye mdahalo, nisimamie hoja gani?

Tumaini_LLB
Habari zenu wakuu. Klabu yetu ya sheria ina mdahalo wiki ijayo, mada ni "Dola ina haki ya kujenga kizuizi cha usalama kwenye eneo lenye mgogoro". Mfano tuliopewa ni ukuta wa Israeli Ukingo wa Magharibi. Niko upande wa kutetea, nina dakika nane. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishasema mwaka 2004 kwamba ukuta ule unakiuka sheria, sasa sioni nitasimama wapi. Nikisema tu "unazuia mashambulizi" nitazikwa kwa vifungu. Naomba mpangilio wa hoja na mitego ya kuepuka.

Mzee wa Vifungu
Mdogo wangu, usitetee ukuta mzima. Ukifanya hivyo umeshindwa kabla ya dakika ya pili. Kinachogombaniwa ni njia ulimopita. Ungejengwa juu ya Mstari wa Kijani, yaani mstari wa kusitisha mapigano wa 1949, hoja nyingi dhidi yake zingekosa mguu. Mstari huo una kama km 320. Njia iliyopangwa ina kama km 700, na takribani asilimia 85 yake iko ndani ya Ukingo wa Magharibi. Tarakimu hizi zitaje wewe mwenyewe mwanzoni. Ukizinyamazia zitakurudia kwenye maswali.

Kisha shika hukumu mbili zilizopishana siku tisa. Ya kwanza ni ya Mahakama Kuu ya Israeli, 30 Juni 2004, kesi ya kijiji cha Beit Sourik, chini ya Jaji Aharon Barak. Mahakama ilisema kamanda wa jeshi anaweza kujenga uzio kwa sababu za usalama, si kwa sababu za kisiasa. Halafu ikapima njia kipande kwa kipande kwa maswali matatu: uzio unafikia lengo lake? Hakuna njia nyingine yenye madhara madogo zaidi? Faida ya usalama inalingana na maumivu ya wanakijiji? Katika kama km 40 zilizolalamikiwa, kama 30 zilifutwa. Huo ndio msimamo wako: haki ipo, lakini kila kilomita ijitetee yenyewe.

Ya pili ni maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, 9 Julai 2004, kura 14 kwa 1 dhidi ya ukuta. Watu wengi hujikwaa kwa yule mmoja. Jaji Buergenthal wa Marekani hakusema ukuta ni halali. Alisema mahakama haikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu mahitaji ya usalama ya Israeli. Tena alikubali kwamba vipande vilivyojengwa kulinda makazi ya walowezi vinakiuka sheria. Ukimtaja kama shahidi wako, mpinzani aliyesoma atakusomea aya hiyo.

Upenyo wako halisi uko kwenye Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachohusu haki ya kujilinda. The Hague ilisema kujilinda kunahusu shambulio la dola dhidi ya dola, na kwamba tishio lilitoka ndani ya eneo ambalo Israeli yenyewe inalidhibiti. Sehemu ya kwanza ilikosolewa na majaji wenyewe, akiwemo Higgins wa Uingereza: kifungu hakisemi mshambuliaji lazima awe dola. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, usiipapase juu juu.

binti_Tanga
Naongezea mtego wa maneno. Mada imeandikwa "eneo lenye mgogoro". The Hague inasema eneo linalokaliwa kijeshi, na Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe kwenye Beit Sourik ilianzia hapo hapo. Ukijenga hotuba yote juu ya neno "mgogoro" utakuwa umepingana hata na mahakama unayoiegemea. Pia tarehe 19 Julai 2024 The Hague ilitoa maoni mengine kwamba kuendelea kwa Israeli kuwepo kwenye maeneo hayo ni kinyume cha sheria. Usijifanye hujayasikia.

Na usiseme "maoni ya ushauri hayafungi" ukakaa chini. Ni kweli hayafungi kama hukumu kati ya dola mbili, lakini Mkataba wa Nne wa Geneva, unaolinda raia wakati wa vita na ukaliaji wa kijeshi, ambao maoni yenyewe yanautegemea, unafunga.

Ramani Kwanza
Dada Tumaini, jua kitu chenyewe kilivyo. Ukuta wa zege wa mita 8 hadi 9 tunaouona pichani ni sehemu ndogo, zaidi mijini kama Qalqilya na Yerusalemu. Kwingine ni uzio wenye vitambuzi vya kielektroniki, handaki la kina cha hadi mita 4, barabara ya doria ya lami, ukanda wa mchanga uliosawazishwa ili nyayo zionekane, na rundo la seng'enge za duara sita. Upana wote ni mita 50 hadi 70, mahali pengine hufika 100. Huo upana ndio unaomeza shamba, hata pale ambapo hakuna zege.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye mageti. Mkulima ambaye ardhi yake imebaki upande wa pili anahitaji kibali, na mageti mengine hufunguliwa msimu wa kuvuna zeituni tu. Mzeituni haungoji mavuno: unataka kulimiwa, kupogolewa na kupaliliwa miezi mingine. Mti usipohudumiwa, mazao hushuka, na ule "usawa wa madhara" unaoutetea unaharibika. Wapinzani wakianza na mageti wamekushika pabaya, kwa hiyo uwe na jibu: sogeza njia, au geti lifunguliwe mwaka mzima.

Na soma kesi ya kijiji cha Bil'in. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Israeli iliona njia pale ilivutwa ili ikidhi upanuzi wa makazi ya walowezi ya Modi'in Illit, ikaamuru ibadilishwe. Uzio ulihamishwa mwaka 2011, karibu miaka minne baadaye.

Tumaini_LLB
Asanteni sana. Mawili yamebaki: takwimu za mashambulizi kupungua, na wakinirushia uzio wa Kenya na Somalia?

Mzee wa Vifungu
Mashambulizi ya kujitoa mhanga yalipungua baada ya 2002, lakini operesheni za jeshi mijini mwaka ule na usitishaji mapigano wa 2005 vilichangia, na uzio ulikuwa haujakamilika. Sema "ulichangia", usiseme "ulimaliza". Wakitaja uzio wa Gaza, jibu kwamba tarehe 7 Oktoba 2023 droni zilipiga minara ya uangalizi na matingatinga yakabomoa uzio: kitambuzi kisicho na askari wa kuitikia ni waya tu.

Kuhusu Kenya: uzio uliotangazwa mwaka 2015 ulipangwa kwenye mpaka unaotambuliwa kati ya dola mbili. Hakuna ukaliaji wa kijeshi pale, kwa hiyo Mkataba wa Nne hauingii kwa namna ile ile. Wakikubana kwa mfano wa Afrika, wa karibu zaidi ni tuta la Moroko ndani ya Sahara Magharibi, eneo linalogombaniwa, kama km 2,700, lililojengwa 1980 hadi 1987 na kuzungukwa na mabomu ya ardhini. Huo usiuguse kama hujauandalia dakika mbili zake.