Beki wa kati, miaka 26, nadai mishahara: niuze kiwanja niende majaribio Oman au nisaini timu ya jeshi?

Kisiki_Tano:
Wakuu salaam. Mi huwa nasoma tu kimyakimya ila leo yamenifika. Nacheza namba 5 timu moja ya Championship (daraja la chini ya Ligi Kuu), jina lake silitaji maana mkataba unaisha mwisho wa msimu huu, na urefu wangu sentimita 174, hapo ndo shida zinapoanzia. Mshahara laki nne kwenye karatasi, miezi mitatu sijauona, tukiuliza tunaambiwa mdhamini hajaingiza hela, tukishinda tunapewa elfu ishirini ya kutuliza. Mke yupo nyumbani na mtoto wa mwaka mmoja. Wikiendi nikitoroka naenda kupiga ndondo, mechi za mtaani, napata elfu hamsini mkononi, najua nikivunjika goti huko hakuna wa kunitibu lakini sasa tule nini.

Kuna jamaa anajiita wakala kaona klipu zangu WhatsApp, anasema kuna timu Oman inataka beki, anataka milioni tatu na nusu ya viza, tiketi na "kufungua faili". Nina kiwanja Chanika nilinunua ule msimu mmoja niliokaa benchi Ligi Kuu, dalali kashaleta na mteja. Upande mwingine kuna timu ya jeshi inanitaka, hela ya usajili hamna ila wanasema ajira itafuata, halafu kocha wao anataka nikacheze beki wa kulia kisa kimo. Kulia sijacheza tangu Umitashumta ya shule ya msingi! Mke kasema kiwanja kisiguswe. Nisaidieni.

Mzee wa Kona:
Kufungua faili?? Unaenda kucheza mpira au kulazwa? 😂😂

Muscat_Kwetu:
Mdogo wangu nipo huku mwaka wa sita nakuambia nilichokiona kwa macho. Vijana wa nyumbani wanaletwa na viza ya utalii, wanapangiwa chumba kimoja watu watano, majaribio yenyewe ni kiwanja cha mtaani jioni, wiki mbili zikiisha wakala hapokei simu. Mmoja tulimchangia tiketi ya kurudi nyumbani sisi Wabongo wenzake wa hapa. Timu inayokutaka kweli inakuandikia barua ya mwaliko wewe na klabu yako, na usajili wa kutoka nchi hadi nchi unapita kwenye mfumo wa FIFA, TFF (shirikisho letu la mpira) lazima watoe ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, hauishii WhatsApp. Muulize namba yake ya leseni, mawakala wenye leseni wanaonekana kwenye tovuti ya FIFA. Usimtumie hata mia.

Jembe la Mkoa:
Mnamkatisha tamaa dogo. Timu za jeshi ndo kaburi la vipaji, ukishavaa gwanda mpira umeisha. Bora ajilipue.

Beki Mstaafu:
@Jembe la Mkoa kaburi gani? Bacca, beki wa kati wa Yanga, katoka KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, hicho si kikosi cha serikali Zanzibar? Amesajiliwa 2022 na leo yupo Taifa Stars.

Kisiki nisikilize, nimecheza nyuma miaka kumi na moja. Kwanza mishahara. Kanuni za FIFA ziko wazi, klabu ikikunyima mishahara ya miezi miwili unawaandikia barua ya madai unawapa siku 15 walipe, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Kwa maandishi lakini, baki na nakala, piga picha kila kitu. Wakikuzungusha kuna kamati ya TFF ya hadhi za wachezaji, SPUTANZA, chama cha wachezaji, nao waone. Wengi tunaondoka kwa hasira bila barua, baadaye timu inageuka inasema wewe ndo mtoro. Na ndondo acha kabisa, wakikunasa umewapa silaha. Halafu ukiwa umebakiza miezi sita au pungufu unaruhusiwa kusaini kwingine, kwa hiyo hao wanajeshi ongea nao bila kujificha.

Hilo la kulia ndo limenifurahisha zaidi. Erasto Nyoni kacheza kulia, kati, mpaka kiungo mkabaji, ndo maana alidumu kuliko wenzake wa rika lake. Kapombe naye sehemu nyingi kapita kabla hatujamzoea pale kulia Simba. Namba 2, yaani hiyo beki ya kulia, inataka mapafu na krosi, kukaba unako tayari, ila utashangaa siku za kwanza maana pale kati uwanja wote uko mbele yako, kulia winga anakuja mgongoni kwako hujui kama mwenzio kakufunika. Baki nusu saa baada ya mazoezi piga krosi tu.

Kimo Sio Shida:
174 ufupi? Dickson Job anacheza kati Yanga na hajawahi kuomba ngazi. Timing tu.

Mama Wawili:
Mi mume wangu kacheza timu ya jeshi. Hiyo "ajira itafuata" ulizeni leo, majeshi yana ukomo wa umri kwenye kuajiri na wewe una 26, usije ukacheza misimu miwili unasubiri kitu kisichokuwepo. Waambie waandike kwenye mkataba utakuwa nani na utalipwa na nani. Na mkeo yuko sahihi kuhusu kiwanja, msalimie.

Kisiki_Tano:
Wakuu nimerudi. Nimemuuliza wakala namba ya leseni, kanijibu "dogo hauna imani" kisha kanibloku. Dalali nimemrudisha, kanuna. Barua ya madai nimeiandika jana usiku, mke kanisahihishia, leo nimeipeleka ofisini kwa timu, katibu hakutaka kusaini kwamba kaipokea nikampiga picha akiwa ameishika. Timu ya jeshi naenda Jumatatu kuuliza hilo la umri.

Mzee wa Kona:
Picha akiwa ameishika 😂😂😂 hapo umekaba kweli. Krosi vipi?

Kisiki_Tano:
Leo nimepiga arobaini, tatu zimefika.