Safari ndefu ya gari na watoto watatu: niamue ugomvi wao au niwaache wamalizane?

MamaWatatu ameuliza:

Ndugu wazazi, naomba ushauri kuhusu jambo linalonisumbua kila tunapopanga safari. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu: wa kwanza ni msichana wa miaka 7, anayemfuata ni mvulana wa miaka 4, na kitinda mimba ana miezi 10. Mwezi ujao tutakwenda kuwaona wazee kwa gari letu, mwendo wa takriban saa sita bila kuhesabu mapumziko, na nikikumbuka safari iliyopita natamani kubaki nyumbani.

Nyumbani hawa wakubwa wawili hugombana kama watoto wengine, na baada ya dakika tano huwa wamesahau. Garini ni mambo mengine. Binti alichora mpaka kwa kidole kwenye kiti cha nyuma, akatangaza kwamba upande ule ni wake peke yake. Mdogo wake naye akawa anapitisha ncha ya kidole kimoja ng'ambo ya mpaka huo, anakirudisha, anakipitisha tena, huku akitazama dirishani kama mtu asiyehusika. Kilichofuata ni kushitakiana, kuvutana nywele na mtoto mchanga kuamka akilia. Mume wangu, aliyekuwa anaendesha, aligeuka nyuma kuwakemea, na gari likaanza kuhama njia. Hakuna aliyeumia, lakini nilitetemeka kwa nusu saa.

Nikisema, "Wewe ni mkubwa, mwachie mdogo wako," binti hulia kwamba sikuzote ninamwonea. Nikimkemea mdogo, hutulia kidogo, kisha hurudia. Mama mkwe wangu hunisihi nisijiingize, kwa maana ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mume wangu anaamini kwamba mzazi asipotoa hukumu papo hapo, watoto hujifunza kuoneana. Ninyi mnafanyaje?

BabaDereva amejibu:

Dada, kabla ya kujadili ni nani aliyeanza, naomba nizungumzie kitendo cha mumeo kugeuka nyuma, kwa sababu katika yote uliyoeleza hilo ndilo lingeweza kuwagharimu maisha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 katika sekunde mbili, na sekunde mbili hazimtoshi mtu kugeuka, kumtafuta mwenye kosa na kumkemea. Sisi tumekubaliana kwamba dereva hana watoto mpaka gari lisimame. Anayeshughulikia mambo ya nyuma ni yule asiyeshika usukani, na ugomvi ukizidi, dereva hutafuta mahali salama pa kuegesha, huzima injini na kunyamaza. Hatutoi hotuba. Mara mbili za kwanza tulikaa kimya robo saa nzima, jambo ambalo ni gumu kwa wazazi kuliko kwa watoto.

Umenifanya pia nijiulize jinsi walivyoketi, kwa kuwa watoto walio kwenye viti vyao vya usalama hawafikiani kwa urahisi kiasi cha kuvutana nywele. Wa miaka 4 anahitaji kiti chenye mikanda yake mwenyewe. Wa miaka 7 kwa kawaida bado anahitaji kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite juu ya nyonga na katikati ya kifua badala ya tumboni na shingoni, na nchi nyingi huweka kikomo chake kwenye urefu wa kati ya sentimita 135 na 150. Huyo wa miezi 10 atazame nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili na shingo yake haijakomaa. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti hivyo inataka mtoto asigeuzwe kutazama mbele kabla ya kupita miezi 15, na wengi humwacha hivyo muda mrefu zaidi ya huo. Ikiwa gari lenu linaruhusu kiti chake kufungwa vizuri katikati, mwekeni hapo, naye atakuwa mpaka usiohitaji kuchorwa. Hasara yake ni kwamba atapokea kila kitakachorushwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo vichezeo vigumu vikae kwenye buti. Breki za ghafla hugeuza hata kigari cha mbao kuwa jiwe.

MwalimuWaAwali amejibu:

Ninafundisha watoto wa miaka 4 hadi 6, na ninaona mama mkwe wako na mume wako kila mmoja ana sehemu ya haki, ila wote wamesahau kwamba gari halina chumba cha pili. Nyumbani aliyechoshwa na mwenzake huondoka, akatafuta mchezo mwingine, na ndiyo maana ugomvi huisha kama ulivyosema. Garini wamefungwa mikanda ubavu kwa ubavu. Kuwaachia wamalizane kunafaa pale ambapo nguvu zao zinakaribiana na kila mmoja ana mahali pa kupoa, na hapo hakuna hata kimoja kati ya hayo. Isitoshe, ile methali huwaonya watu wa nje wasishabikie ugomvi wa ndugu watakaopatana kesho. Sidhani kama ilimlenga mama wa mtoto wa miaka 4.

Hukumu nayo ina ubaya wake, kwa sababu mzazi mara nyingi huwa ameona pigo la pili tu. Ukishakuwa hakimu, watoto huelekeza akili zao zote katika kukushawishi wewe, na hakuna anayebaki na hamu ya kumsikiliza mwenzake. Kuna njia ya katikati, ambayo ni usuluhishi. Hildy Ross, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, pamoja na wenzake, walichunguza wazazi waliofundishwa kusuluhisha: mzazi huweka masharti kwanza, kama vile kutokatizana na kutotukanana, kila mtoto hueleza upande wake, kila mmoja huambiwa aeleze kile mwenzake alichokitaka, kisha watoto wenyewe hupendekeza suluhisho. Mzazi huongoza mazungumzo bila kutoa uamuzi. Hatua ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida kubwa. Mwanao wa miaka 4 atahitaji umsaidie maneno, kwa kuwa katika umri huo ndipo mtoto anaanza tu kutambua kwamba mwenzake anaweza kuwa na mawazo tofauti na yake. Msijaribu haya yote gari likiwa kwenye mwendo kasi; fanyeni mazoezi nyumbani kwa ugomvi mdogo mdogo, na garini mtatumia ufupisho wake. Kupiga na kuuma kunasimamishwa papo hapo, bila mjadala wowote.

Ugomvi mwingine hauhitaji usuluhishi bali vikombe vinavyofanana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hivi huamini kuwa maji yameongezeka yakimiminwa kutoka kwenye chombo kipana hadi kwenye chembamba na kirefu, hata kama ameyaona yakimiminwa. Kwa hiyo mdogo akilalamika kwamba dada yake amepewa kinywaji kingi, hadanganyi. Ndivyo macho yake yanavyomwambia. Kwa kitu kimoja kisichogawanyika vizuri, acha mmoja akate na mwingine achague kwanza. Binti yako atakata kwa uangalifu wa sonara.

BibiNesiMstaafu amejibu:

Mwanangu, nimesoma ushauri wa wenzangu na sina la kuupinga, lakini wote wameuchukulia ugomvi huo kama shauri. Miaka mingi wodini imenifundisha kumtazama mtoto kabla ya kumsikiliza. Ugomvi ulianza baada ya muda gani? Huyo wa miaka 4 alikuwa amepauka, anapiga miayo, anatoka jasho jembamba? Alikuwa ametoka kutazama simu au kitabu?

Nauliza kwa sababu kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, ilhali wachanga hawasumbuki nacho sana. Sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unakwenda, na macho yaliyotulia kwenye picha huuambia kwamba mwili umekaa. Kabla ya kutapika mtoto huwa na ghadhabu asiyoweza kuieleza, na mtoto asiyejua kusema "tumbo linanichafuka" humchokoza aliye karibu. Mpe mlo mwepesi kabla ya kuondoka, si tumbo tupu wala kushiba sana. Fungua dirisha kidogo, mweke mahali anapoweza kuona mbele na mbali, na badala ya skrini mpe hadithi, nyimbo na vitendawili. Dawa zipo, lakini nyingine hazifai kwa watoto wadogo, na baadhi huwachangamsha wale zilizotarajiwa kuwalaza, kwa hiyo muulize daktari au mfamasia kwanza. Simameni kila baada ya saa mbili hivi ili wakubwa wakimbie na mchanga atolewe kwenye kiti chake. Mkisimama, msimwache yeyote garini hata kwa dakika chache, kwa kuwa gari lililofungwa juani hupata joto haraka mno, na mwili wa mtoto hupanda joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Na jambo moja la kukuudhi: acha ile kauli ya "wewe ni mkubwa." Ana miaka 7.

MamaWatatu amejibu:

Bibi, umenishtua. Ugomvi ulianza kama saa moja na nusu baada ya kuondoka, na mdogo alikuwa akitazama katuni kwenye simu yangu. Alipiga miayo, nami nikadhani ana usingizi. Tulipofika alitapika, tukalaumu chakula. Nimemsomea mume wangu sentensi ya BabaDereva kuhusu dereva asiye na watoto, na amekubali bila kubishana, jambo ambalo si la kawaida.

MamaWatatu ameongeza, baada ya safari:

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa mlitumia muda wenu. Mchanga alikaa katikati, simu ikabaki kwenye mkoba, na tulisimama mara tatu. Mdogo hakutapika. Waligombana mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ni zamu ya kuchagua wimbo, na nilipomwambia binti aeleze mdogo wake alitaka nini, alijibu, "Alitaka kuniudhi." Nikamuuliza tena, akafikiri, akasema, "Alitaka wimbo wa treni, lakini ule ni mbaya." Waliafikiana uimbwe nusu. Mara ya pili sikujua chanzo, mume wangu aliegesha, tukanyamaza wote, na mchanga ndiye aliyeanza kucheka.

Kilichotushinda ni swali la "tumefika?" Kumjibu wa miaka 4 kwamba zimebaki saa mbili hakukuwa na maana yoyote kwake. Wakati wa kurudi tulimhesabia vituo badala ya saa, tukamwambia kwamba bado tutasimama mara mbili, kisha mara moja, kisha nyumbani, naye akaacha kuuliza mpaka kituo cha mwisho.

BibiNesiMstaafu amejibu:

Vizuri sana, mwanangu. Huo wimbo wa treni ufunzeni na sisi.