Re: Re: Baba "Mac", mtoto "Nic", fomu imerudishwa

Mama Nuru, Galway (Ireland)
Wapendwa, za wikendi? Fomu ya pasipoti ya Nuru imerudishwa mara ya pili. Baba yake ni Mac Con Iomaire, cheti cha mtoto kinasoma Nic Con Iomaire. Dada wa dirishani kaizungushia "Nic" duara jekundu, pembeni kaandika: "Baba ni nani?" Na baba mwenyewe kasimama palepale! Kuna aliyepita njia hii? Barua ya mwanasheria inatosha, au nimbadilishie mtoto jina?

Mjomba wa Cork
Pole dada. Mimi nilikwama miezi minne kwa herufi moja: IRP (kadi ya ukaazi ya Ireland) Athumani, pasipoti Athuman. Stamp 4, kibali cha kuishi na kufanya kazi, ikachelewa, kazi nusura iote mbawa. Waambie tu ni Ridge. Ukoo huo ni mdogo, kwao ni Carna na jirani zake huko Connemara, magharibi ya Ireland, na kwa Kiingereza wanaandikwa Ridge.

Bi Mwana, Leicester
Usimwongezee mwenzio jina la tatu! Na akina Ridge wa huku Uingereza ni watu wengine kabisa. "Iomaire" ni tuta, tuta la shamba. "Con" ni mbwa wa kuwindia. Kwenye Kiingereza tuta likatafsiriwa, mbwa akaachwa njiani. Mac ni bin, Nic ni binti, basi. Mimi Unguja ni binti Salim, kaka yangu bin Salim, na hakuna aliyewahi kutuuliza baba ni nani.

Mjomba wa Cork
Si "basi", Bi Mwana. Nic ni mkato wa "iníon mhic", binti wa mwana wa fulani. Mama Nuru naye, kama mke, akifuata Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, ni Mhic. Nyumba moja, majina matatu. Mpelekee yule dada hilo aone.

Bi Mwana, Leicester
Asante, mwalimu.

Baba Kulwa, Saint Paul
Huku Minnesota, 1880, Askofu John Ireland aliwaleta watu wa Connemara mpaka Graceville. Baridi ikawatandika, wengine wakaishia hapa mjini, mtaa wao ukaitwa Connemara Patch. Halafu uraia pacha wetu Watanzania umefikia wapi? Kila uchaguzi wimbo uleule. Huyo mtoto akikua ataambiwa achague uraia mmoja, sasa jasho lote hilo la nini?

Mama Nuru, Galway
Baba Kulwa, usinianzishe. Ila tuta ni kweli. Jumapili mume wangu alituonyesha mlimani matuta ya viazi ya wakati wa njaa kuu ya 1845. Nyasi zimefunika, lakini jua likilala kivuli kinayatoa, mstari kwa mstari. Nikamuona bibi Sengerema, jembe mkononi, kanga kaifunga kiunoni. Nuru akayapanda akihesabu, akafika kumi na saba.
Ile barua ya mwanasheria, jamani?

Baba Kulwa, Saint Paul
Sengerema! Kumbe ni wa nyumbani. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, huko unaipata wapi?