Mama nimemhamishia kwangu Goba, sasa ananyauka

Kijana wa Ngamiani: Habari zenu wakuu. Baba alifariki mwaka jana. Mama alipotoka eda nikamtoa Tanga, nikamleta kwangu Goba, Dar. Nikajua nimemfanyia wema: chumba chenye choo ndani, king'amuzi, dada wa kumpikia, geti na mlinzi. Huu ni mwezi wa tano yuko hapa. Chakula hali. Analala saa moja jioni, saa nane usiku yuko macho, amekaa tu kitandani. Presha iliyokuwa inatulia kwa kidonge kimoja, juzi imesoma 172 kwa 100. Daktari kapima sukari, figo, moyo, hakuona kitu, kaongeza dozi. Jana mama kaniuliza, "Hivi huku watu hawapigi hodi?" Sikuwa na jibu.

Bi Mkubwa: Mwanangu, huko Tanga asubuhi alikuwa akifanya nini?

Kijana wa Ngamiani: Shikamoo mama. Vitumbua, barazani kwake, miaka zaidi ya ishirini. Saa kumi na mbili watoto wameshajipanga na mabakuli.

Bi Mkubwa: Marahaba. Basi umemwachisha kazi na mtaa mzima kwa siku moja, tena juu ya msiba. Muuza vitumbua ndiye anayejua nani kajifungua na nani hajaonekana siku mbili. Na yeye asipofungua mlango, saa moja watu wameshauliza. Kanunue chuma cha vitumbua.

Nesi Mstaafu: Dawa asiache hata siku moja. Ila upweke si kudeka. Homoni za msongo hazishuki, usingizi unakatika, presha inapanda, na asiye na wa kumkumbusha husahau vidonge. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inahusisha upweke na vifo kama 871,000 kwa mwaka. Wenzetu Zimbabwe, tangu 2006, wanawafunza mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu. Benchi tu, na bibi.

Mzee wa Mbagala: Msiwapambe watu sana. Mama yangu aliingia kikoba ili apate wenzake, akamdhamini mmoja, yule akatokomea na mkopo. Presha ikapanda kuliko ya upweke. Angalia na watu wenyewe.

Kijana wa Ngamiani: Nimerudi baada ya wiki tatu. Chuma nilikipata Kariakoo. Mlinzi anaacha geti wazi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, majirani wawili wamenuna. Siku ya kwanza hakuja mtu, vitumbua vyote tukala sisi na mlinzi. Wiki ya pili bodaboda wa kijiweni wakanusa hiliki. Presha juzi 148 kwa 90. Kama ni dozi au ni bodaboda, sijui. Tanga bado anataka kurudi, hilo halijamtoka. Leo nimempigia nikiwa kazini, kaniambia, "Nipigie baadaye, nina watu."