Meseji za wananchi wakati wa maafa: waokoaji wazitumie au wasubiri uhakiki kwanza?

Mleta mada:
Wakuu, kuna ndugu kaandika kwamba meseji na picha wanazotuma watu wakati wa mafuriko au tetemeko ni kelele tu, eti waokoaji wasihangaike nazo mpaka wataalamu wathibitishe. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu, maana yale masaa ya mwanzo huyo mtaalamu mwenyewe hajafika, barabara imekatika, anayejua kinachoendelea pale ni yule aliyekwama pale.

Angalieni Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliikuta Port-au-Prince haina hata ramani ya maana mtandaoni, watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, wakakaa na picha za setilaiti wakachora mtaa kwa mtaa, siku chache tu waokoaji wanazo kwenye GPS zao. Huku wananchi wanatuma meseji bure namba 4636, kwa Kikrioli, Wahaiti walioko ughaibuni wanazitafsiri, zinapachikwa kwenye ramani ya Ushahidi, programu iliyoanzia Kenya 2008 kwenye zile vurugu za baada ya uchaguzi. Sasa hizo nazo ni kelele?

Jibu:
Mkuu heshima yako, ila kuna kitu umekiruka. Anayetuma meseji ana simu, ina chaji, na mnara bado umesimama. Kule minara ilikoanguka kote hamna alama hata moja kwenye ramani, afu mtu wa ofisini anaona peupe anasema huko shwari, kumbe ndo walikoumia zaidi. Ukifuata meseji tu utapeleka boti kwa wenye simu.

Mleta mada:
Hapo umenigusa dada, sina cha kubisha. Kimya kisihesabiwe usalama, sehemu isiyotuma kitu ipelekewe mtu akaangalie. Lakini hiyo ni sababu ya kuzisoma meseji kwa akili, sio ya kuzitupa.

Kinachonisumbua mimi kuliko hata uongo ni meseji isiyo na saa. Chukua hii: "mama na watoto wawili wako juu ya paa, maji yamefika dirishani, msaada tafadhali". Ni ya kweli kabisa. Mtu anaikopi anairusha magrupu kumi, nao wanairusha, kesho yake mama keshaokolewa yuko kambini anaanika nguo za watoto lakini meseji bado inazunguka, boti inarudi kwenye paa tupu wakati mtaa wa tatu kuna mtu kang'ang'ania mti. Hapo hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo ukituma andika tarehe, saa, mahali penye alama inayoonekana, watu wangapi, na wakishaokolewa rudi uandike wameokolewa. Na namba ya simu ya huyo mama iende kwa waokoaji tu, isirushwe hadharani, matapeli nao wanasoma.

Afu serikali na mashirika nao, ukitangaza namba watu watume, uwe na mtu wa kuzisoma usiku kucha na mwenye boti wa kumpigia. Mtu amebakiwa na asilimia nne za chaji, anaacha kumpigia mwanae ili atume kwako, halafu upande wa pili hamna mtu. Bora usingetangaza.