Madaktari wa meno wenye kliniki ndogo kuungana: ni kujilinda au ni kumpandishia mgonjwa bei?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno, nina kliniki ya viti viwili Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa tisa huu. Kati yetu wenye kliniki binafsi ndogo kuna wazo linazunguka: tukae pamoja, tuwe na sauti moja mbele ya mifuko ya bima na waagizaji wa vifaa. Wapo wanaosema ni haki yetu. Wapo wanaosema, na wagonjwa wangu wamo, kwamba tunataka kuunda genge la bei. Nimelileta hapa lijadiliwe mchana kweupe.

Msimamo wangu ni kwamba tuungane, na sababu kubwa ni jino lenyewe.

Kung'oa jino ni ganzi, koleo na pamba. Mara nyingi nusu saa haiishi. Kuliokoa jino hilohilo kwa kutibu mzizi ni kazi nyingine kabisa. Gego lina mifereji mitatu au minne, na kila mmoja unasafishwa kwa visindano vyembamba visivyodumu. Picha ya eksirei haitoshi moja. Mgonjwa anarudi mara ya pili, pengine ya tatu, kisha unaziba, na ikiwezekana unalivika kofia. Bima ikilipa bei isiyofika hata gharama ya vifaa, daktari anabaki na njia tatu: afanye kwa hasara, amwombe mgonjwa aongeze hela juu ya kadi yake, au amwambie, "Hili tung'oe tu." Naumia kuandika kwamba hiyo ya tatu inafanyika. Kijana wa miaka 25 anaondoka na pengo la maisha kwa sababu ya hesabu, wakati jino lake lilikuwa bado linatibika.

Karibu kila tunachoshika kinatoka nje: ganzi, glavu, dawa ya kuzibia, hata kiti. Dola ilipoadimika 2023 na 2024, bei ya boksi la ganzi ilikuwa haikai. Bei ya bima ilikaa palepale. Hospitali za umma zina Bohari ya Dawa inayonunua kwa wingi. Sisi kila mmoja anakwenda kwa muuzaji kuomba boksi lake moja. Hapo hujaweka pango, Luku, TRA, usajili wa Bodi ya Hospitali Binafsi, leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki kwa mashine ya eksirei, Zimamoto, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Sipingi ukaguzi hata kidogo, maana mashine mbovu ya eksirei inamdhuru mgonjwa na inamdhuru msaidizi wangu anayesimama pale kila siku. Lakini hospitali kubwa ina ofisi nzima ya kushughulikia makaratasi hayo. Kwangu ofisi hiyo ni mimi, usiku, mgonjwa wa mwisho akishaondoka.

Niwape mfano wa kilichonikuta. Mfuko mmoja wa bima ulinirudishia madai ya miezi miwili kwa sababu niliandika jino namba 36 na wao walitaka 19. Ni gego lilelile la chini kushoto, tofauti ni mfumo wa kuhesabu. Nilibishana kwa barua peke yangu miezi saba. Tungekuwa kliniki hamsini, barua moja ingetosha.

Wengine hawajui kwamba tiba binafsi ya kujipatia kipato iliwahi kupigwa marufuku nchini, kwa Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977, na mlango ukafunguliwa tena mwaka 1991. Kwa hiyo tunachokilinda hakina mizizi mirefu. Na sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ikitekelezwa kikamilifu, bei ya bima ndiyo itakayokuwa bei ya wagonjwa wetu wengi. Ikipangwa sisi hatupo, tutaisoma kwenye tangazo kama tulivyozoea.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Mbagala

Daktari, pole na kazi. Ila umeiruka tarehe moja: 1 Machi 2024. Siku ile kitita kipya cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na bei inazolipa, kilianza kutumika, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wenye kadi kwa kuzipinga bei zake. Nilikuwa na mama yangu mzazi, shavu limevimba, usiku wote hajalala. Mapokezi wakaniambia kadi hii kuanzia leo hatupokei. Mimi ninakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya kadi hiyo! Tulirudi nyumbani na Panadol.

Sisemi hospitali hazikuwa na hoja. Labda bei kweli zilikuwa za kuumiza. Lakini silaha waliyoishika ilikuwa shavu la mama yangu. Mkiungana nyie, mimi naungana na nani?

Mchangiaji, mwanasheria

Kwa ufupi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na kusema nia ilikuwa njema hakuwaokoi. Msikae kikao mkatoka na "bei ya kuziba jino kwa wote". Kununua vifaa kwa pamoja, kupeleka hesabu za gharama serikalini na kudai utaratibu mmoja wa madai ni mambo mengine. Kwa ununuzi, angalieni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Na kuagiza vifaa tiba kunapitia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo mtahitaji mtu wa kulisimamia hilo kila siku.

Mchangiaji, daktari wa hospitali ya mkoa

Kaka, nakuheshimu, ila huyo daktari binafsi unayemtetea ni nani hasa? Wengi ni sisi, asubuhi serikalini, jioni kliniki. Nimewasikia kwa masikio yangu wenzangu wakimwambia mgonjwa, "Hapa foleni ndefu, njoo jioni kwangu." Umoja wenu utamfanya nini mtu kama huyo? Msipolijibu hilo mtakuwa mmejenga klabu ya kulindana.

Mchangiaji, Bristol, Uingereza

Huku mtaa wa St Pauls kliniki ya meno iliyokuwa ya kampuni kubwa ilifungwa mwaka 2023. Wakazi wakapiga kelele miezi. Februari 2024 ilipofunguliwa upya, chini ya madaktari wanaojitegemea, foleni ilijaa barabarani hadi polisi wakaja kuipanga. Kampuni ikiona hesabu haziendi inafunga na kuondoka. Daktari anayeishi mtaani hafungi kirahisi hivyo. Mlindeni huyo.

Mleta mada

Nimesoma yote. Nianze na ndugu yangu wa Mbagala, maana ndiye aliyenigusa. Pole sana kwa mama. Shavu lililovimba kwa jino si la kusubiri; usaha ukishuka shingoni unaua. Siku ile kliniki yangu haikufunga, lakini sikusimama popote kusema kwamba kufunga ni kosa, na ukimya wangu nao una lawama. Kwa hiyo sitaingia kwenye umoja wowote usioandika kwenye katiba yake kwamba mvutano na bima hauzuii huduma ya dharura. Mwenye maumivu, mwenye uvimbe na mwenye damu isiyokatika wanahudumiwa kwanza, madai tutapigania baadaye.

Daktari wa mkoa, umenibana mahali sahihi. Pendekezo langu ni kwamba anayemtoa mgonjwa kwenye foleni ya serikali kumpeleka kwake afutwe uanachama na jina lake lipelekwe Baraza la Madaktari. Najua hapa nitapoteza marafiki.

Wakili, nimekuelewa. Bei kila mtu na yake. Tunachopeleka mezani ni gharama halisi ya kutibu mzizi wa gego, kifaa kwa kifaa, ili anayepanga kitita aione kabla ya kuandika namba.

Nitaanza mwenyewe kwa kuweka hapa risiti zangu zote za vifaa vya mwaka uliopita. Wenye kliniki Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma, wekeni zenu tulinganishe. Na wewe wa Mbagala, kama gego la mama bado lipo, mlete Tabata na kadi yake.