Grindr, Scruff, Hornet, Romeo, Tinder: ipi inaficha vizuri mahali ulipo?

MtaaWaPili:
Wakuu, naomba tulinganishe programu za mashoga kutafutana, ila si kwa wingi wa watu. Hilo halina mjadala, Grindr inaongoza. Ninachouliza ni ipi inamwaga siri chache zaidi za mtu anayeishi Dar, Mombasa au Kampala. Kifungu cha 154 Tanzania, cha ngono "kinyume cha maumbile", kinafika kifungo cha maisha, 162 na 165 vya Kenya Mahakama Kuu iliviacha vilivyo Mei 2019, Uganda wana sheria yao ya 2023. Kwa hiyo msinijibu kana kwamba tuko Amsterdam.

mchora_ramani:
Anza na umbali, ndiko mambo yanakoharibikia. Grindr ilitoka 2009 na wazo moja: watu wapangwe kwenye vijisanduku vya picha, wa karibu juu, wa mbali chini, na kila mmoja aandikiwe umbali wake. Sasa chukua mtu mwenye nia mbaya. Anasimama Posta, anasoma kilomita 4. Anahamia Mwenge, 5. Temeke, 6. Akichora duara kwa kila kipimo, zote tatu zinakatana sehemu moja tu, pande za Magomeni. Kipimo kikiwa cha mita, zinakatana mlangoni kwako. Na wala hana haja ya kupanda daladala: programu ya kughushi GPS inamhamisha akiwa amelala kitandani.

Grindr: udhaifu huo ulipoanikwa 2014, ilizima umbali katika nchi zenye hatari kubwa, Misri ikiwemo. Haikutosha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba hata umbali ukifichwa, mpangilio wa picha unasema wenyewe. Unaweka akaunti mbili bandia, unaangalia mlengwa kakaa kati ya ipi na ipi, unazisogeza hadi abanwe.

Scruff: inavuruga eneo lako makusudi. Mwaka 2019 kampuni ilieleza kwamba kinga hiyo inajiwasha yenyewe katika maeneo 80 ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai. Kwingine unaiwasha mwenyewe.

Hornet: ina kitufe cha kuficha umbali, na watu wakaamini yameisha. Mwaka 2024 Check Point, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha kwamba mtu aliyeuficha bado anapatikana ndani ya mita 10. Marekebisho yakaja, ikawa mita 50. Mita 50 uswahilini ni nyumba ngapi?

Romeo: ya zamani kuliko zote, 2002, ilianza kama tovuti ya Kijerumani. Unaweza kubandika alama yako popote kwenye ramani badala ya GPS. Kitufe hicho hakijawashwa tangu mwanzo, lazima ukitafute.

Tinder: si ya mashoga peke yao, na haina ubao wa picha za majirani. Hamwongei hadi wote wawili mkubaliane. Tangu 2019 mtumiaji aliyejitambulisha kuwa LGBTQ akiifungua kwenye nchi yenye sheria hizo inamficha, hadi achague mwenyewe kuonekana. Ubaya wake ni kwamba binamu yako na bosi wako wamo humo humo.

Kipepeo254:
Si unawasha tu VPN, unaonekana uko Uholanzi?

mchora_ramani:
Hapana, na kosa hili ndilo linalojirudia kuliko yote. VPN inabadilisha anwani ya intaneti. Programu inasoma GPS ya simu, na VPN haigusi huko.

Kinga inayofanya kazi iko kwenye simu yenyewe. Android 12 na kuendelea: Mipangilio, Programu, chagua programu, Ruhusa, Mahali, kisha zima "mahali hasa". Hapo inapewa eneo la kukadiria tu, kama kilomita 3 za mraba. iPhone kuanzia iOS 14 ina kitufe kama hicho kwenye Faragha, Huduma za Mahali. Programu itakulalamikia, na orodha itachanganyikana kidogo. Iache ilalamike. Kisichofika kwenye seva hakiwezi kuvuja.

Baada ya hapo zima umbali, na kwa Grindr zima pia kuonekana kwenye "Explore". Ukisahau hicho, mtu aliyeko Oslo anaweza kuchungulia mtaa wako kwenye ramani.

BintiPwani:
Mmeng'ang'ania ramani, ila ubao ule ule umebadilisha na namna watu wanavyojuana. Pwani kulikuwa na basha na shoga, maneno ya kale, na kila moja lilikuwa na nafasi yake mtaani: ngomani, harusini, barazani. Programu inakuletea kisanduku cha kujaza: top (anayeingilia), bottom (anayeingiliwa), vers (yote mawili). Hiyo ya tatu haina mwenzake kwenye jozi ya zamani, na vijana wengi wanaijaza hiyo hiyo. Siiti hasara. Ila ujuzi wa kumsoma mtu kwa mzaha na mafumbo unapungua pale ambapo jibu limeshaandikwa chini ya picha.

Chujio nalo linafundisha. Grindr iliwaruhusu watu kuchuja wengine kwa rangi na asili hadi Juni 2020 ilipoahidi kukiondoa, wakati wa maandamano ya Marekani dhidi ya ubaguzi wa rangi. Kwa miaka mtu aliweza kuwafuta Waafrika wote kwa kidole kimoja. Waswahili wa London na Toronto wanalijua hilo vizuri.

Kipepeo254:
Lakini dada, programu hizi si ndizo zilizoua baa za mashoga huko Ulaya?

BintiPwani:
Ndivyo inavyosemwa, ila hesabu haikubali kirahisi. London ilipoteza zaidi ya nusu ya kumbi hizo kati ya 2006 na 2017, na watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha huko huko waliofuatilia walikuta kodi za pango na ujenzi mpya ndivyo vilivyosukuma nyingi nje. Hapa kwetu baa za kuua zenyewe zilikuwa chache. Programu ilichukua nafasi ya rafiki wa rafiki, na huyo ndiye aliyekuwa akimdhamini mgeni. Sasa mgeni anakuja bila mdhamini.

Nahodha_wa_Data:
Kuna mwizi wa mtaani na kuna kampuni. Grindr ilitozwa faini ya kroner milioni 65 Norway Desemba 2021 kwa kuwapa watangazaji taarifa za watumiaji bila ridhaa halali. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba hali ya VVU iliyoandikwa na watumiaji ilipelekwa kwa kampuni mbili za nje. Jack'd, programu nyingine ya mashoga, nao waliacha picha za faragha wazi kwenye seva, wakalipa dola 240,000 New York mwaka 2019. Wale wa Scruff wakainunua mwaka huo huo. Kwa hiyo kisanduku cha VVU kiache tupu, muulizane kwa mdomo.

MtaaWaPili:
Na wale matapeli wa "njoo nyumbani", wakifika wako wanne?

Kipepeo254:
Simu ya video kwanza, dakika mbili zinatosha. Asiyekuwa na kamera leo hatakuwa nayo kesho. Mkutano wa kwanza uwe mahali penye watu, mchana, usafiri ulipe mwenyewe. Picha ya wasifu isiwe ile iliyoko Facebook au WhatsApp, maana kutafuta kwa picha kunaleta jina. Angalia na nyuma yako: geti, sare ya kazi, bango la duka.

Wakishakushika na kudai pesa, usitume hata shilingi elfu. Ukituma wanajua unalipika, na wiki ijayo wanarudi na bei mpya. Hifadhi mazungumzo, namba zao na ujumbe wa muamala kabla hujawazuia, kwa sababu ukizuia kwanza mazungumzo yanaweza kutoweka. Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inaadhibu kusambaza picha za utupu za mtu, na NGLHRC, shirika la haki za mashoga na wasagaji Nairobi, wana wanasheria. Tanzania usiende kituoni peke yako, pitia kwa wakili.

MtaaWaPili:
Alama ya programu je? Grindr inaibadilisha iwe kama kikokotoo.

mchora_ramani:
Inabadilika kwenye skrini tu. Jina halisi linabaki kwenye orodha ya Programu ndani ya Mipangilio, na kwenye historia ya Play Store ya barua pepe uliyotumia. Kama barua pepe hiyo iko pia kwenye simu ya nyumbani, kikokotoo hakikusaidii. Romeo kwenye kivinjari, dirisha la faragha, haiachi alama wala jina kwenye simu.